Kati ya Pole na Samahani: Mhadhara Kuhusu Neno 'Sorry'



Nimekuwa mkalimani kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika hospitali na mahakama za Uingereza. Watu huniuliza neno gani lilinitoa jasho kuliko yote, wakitarajia nitaje jina la ugonjwa au istilahi ya sheria. Ugonjwa una kamusi, na sheria ina mwanasheria wa kuulizwa. Neno lililonisumbua lina silabi mbili. Mtoto wa chekechea analijua, na nina hakika wengi wenu mmelitamka leo hapo mlangoni mlipopishana. Neno hilo ni 'sorry'.

Niwapeleke kwanza kwenye chumba kimoja, katika hospitali ya mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Chumba ni kidogo, kina viti vinne na meza fupi, na katikati ya meza pana boksi la tishu ambalo halijafunguliwa. Nilikwishajifunza kwamba ukikuta boksi jipya la tishu limewekwa pale katikati, habari inayokuja si njema. Mama mmoja wa pwani yetu amekaa, mkoba wake kaupakata. Mwanawe wa miaka 4 alikuwa amepewa dawa ya jamii ya penisilini, ilhali faili lake lilieleza waziwazi kwamba dawa hiyo humdhuru. Uso ukamvimba, koo likaziba, akalazwa siku mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mungu akamnusuru. Sasa daktari, kijana mwenye sauti ya upole, ameinama mbele kidogo na anamwambia mama yule kwamba yeye ni 'so sorry' kwa yaliyotokea. Kisha ananitazama mimi.

Mkalimani hana muda wa kufikiri. Nikasema: "Daktari anasema pole sana, dada, kwa yaliyokupata."

Mama akajibu kama alivyolelewa: "Ahsante. Nishapoa."

Nikalirudisha jibu kwa Kiingereza: anashukuru, na sasa hajambo. Nikayaona mabega ya daktari yakishuka na pumzi ikimtoka. Kwake yeye, msamaha ulikuwa umeombwa na umetolewa. Mama naye hakuwa amemsamehe mtu yeyote. Alikuwa amepewa pole, na pole huitikiwa kwa shukrani, basi. Wawili hawa walikuwa wametoka katika mazungumzo mawili tofauti, na aliyewapotosha ni mimi niliyekaa kati yao.

Mama akanigeukia. "Kaka, hebu muulize. Nani kakosea?"

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza nataka tulifungue neno lenyewe tuone kilichomo.

Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, neno hili lilikuwa 'sārig', na lilitokana na 'sār', yaani maumivu, kidonda. Ndugu yake wa leo ni 'sore', lile neno wanalolitumia kwa koo linalouma au ngozi iliyochubuka. Wengi hudhani 'sorry' na 'sorrow' ni mtu na mwanawe kwa jinsi yanavyofanana. Asili zao ni mbalimbali. Yamekaribiana sauti na maana kwa kuishi jirani karne nyingi, kama watu wa mtaa mmoja wanavyoishia kusema lafudhi moja. Kwa asili, basi, anayesema 'I am sorry' anasema: mimi nina kidonda, mimi naumwa. Mjerumani bado anasema hivyohivyo hadi leo, kwa maneno yake, kwamba jambo hili linamtia uchungu.

Angalieni kinachokosekana humo. Hamna kosa wala aliyekosa. Halimwombi msikilizaji chochote. Ni habari ya moyo wa msemaji tu. Maana ya kuomba msamaha ilikuja kulipanda neno baadaye, kama mtambaazi unavyopanda mti, na leo mti na mtambaazi havitenganishiki kwa jicho.

Na tangu hapo limeendelea kupandwa. Ukiishi London wiki moja tu utalisikia likifanya kazi ambazo sisi tumewagawia watumishi tofauti. Mtu anakanyagwa mguu ndani ya basi, na aliyekanyagwa ndiye anayesema 'sorry'. Mtu hakukusikia, anapandisha sauti mwishoni: 'sorry?' Hapo pwani mwanamke angesema "abee" na mwanamume "naam". Anataka kupita kati ya viti, analisema, pale ambapo wewe ungesema "nipishe kidogo". Anakukatiza maneno, analitanguliza. Duka limefungwa, neno hilo limeandikwa kwenye kibao mlangoni. Likiwekwa mbele ya nomino, linageuka kuwa neno la dhiki na unyonge: nyumba 'sorry' ni nyumba iliyochakaa, na jambo la namna hiyo ni jambo la kusikitisha macho. Shakespeare alilitumia hivyo katika Macbeth, pale muuaji anapoitazama mikono yake yenye damu. Ukiambiwa utakuwa 'sorry', umetishiwa: utajuta. Ukiambiwa mtu anajisikia 'sorry' kwa ajili yako, umeonewa huruma, na wapo Waingereza wengi ambao hawataki kabisa kuonewa huruma hiyo.

Kazi zote hizo mkalimani anazimudu. Sauti inamsaidia, hali inamsaidia. Penye shida ni pale panapokuwa na maumivu ya kweli, na mtu wa kweli aliyeyasababisha au asiyeyasababisha.

Nilipokuwa mgeni kule, mwezi wa kwanza wa baridi, nilimwona bibi mmoja mfuko wake wa karatasi umelowa na kupasuka njiani. Machungwa yakabingirika hadi barabarani. Nilikimbia kuyaokota huku nikisema "sorry, sorry" kama ambavyo kila mtu angesema Nairobi, Arusha au Kampala. Bibi akanitazama kwa mshangao na kunituliza: si kosa lako, mwanangu. Sikuwa nimesema kwamba ni kosa langu. Nilikuwa nimesema pole kwa Kiingereza.

Hili wanaisimu wanaochunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki wameliandika mara nyingi, na wenzao wa Afrika Magharibi wamekuta jambo lilelile huko kwao. Mwalimu akijikwaa, darasa zima linasema 'sorry'. Mtu akikohoa, akipaliwa, akiangusha kalamu, anaambiwa 'sorry'. Kwa miaka mingi shuleni tulifundishwa kwamba hayo ni makosa, kwamba anayesema 'sorry' lazima awe amekosa. Mimi sikubaliani na fundisho hilo. Watu wetu walilichukua neno la kigeni wakalitia ndani ya desturi yao, na bila kujua wakalirudisha karibu na maana yake ya kwanza kabisa, ile ya kidonda. Anayeumia mbele yangu, nami naumia. Mwingereza wa leo naye hajaisahau maana hiyo: nenda kwenye mazishi Uingereza, utawasikia watu wakimwambia mfiwa 'sorry', na hakuna anayedhani kwamba wao ndio waliomuua marehemu.

Sasa tutazame nyumbani.

Sisi tuna pole. Neno hili linatembea na kupoa. Chai hupoa, homa hupoa, hasira hupoa, na jibu la pole linaonyesha udugu huo waziwazi: "nimeshapoa". Pole haisemi kitu juu ya moyo wangu mimi ninayeitoa. Yote ni yako. Ni kama mtu anayempepea mgonjwa. Ndiyo maana hatuingoji balaa: tunasema pole na kazi, pole na safari, pole na majukumu, kwa mtu ambaye hakupatwa na baya lolote isipokuwa uchovu wa siku. Na msiba ukitokea, pole inapata miguu na mikono. Tunakwenda kutoa mkono wa pole, tunakaa mkekani, tunaleta rambirambi, na Zanzibar watu wanatoa ubani. Pole ambayo haikuinuka kitini, jirani anaihesabu.

Tuna samahani. Hili tulilipokea kutoka kwa Waarabu likiwa sentensi nzima: nisamehe. Hiyo silabi ya mwisho, 'ni', ni mimi, ni alama ya mtendwa iliyokuja na neno kutoka Kiarabu, na kwa bahati inafanana na yetu. Kwa hiyo samahani ni ombi. Ina anayeomba na anayeombwa, na anayeombwa ana haki ya kusema hapana. Kweli, siku hizi tunaitumia kwa wepesi tukitaka kuuliza njia au kumwita mhudumu. Lakini mizizi yake haijakauka. Mwambie mtu "nisamehe" badala ya "samahani" na utaona mara moja jinsi uzito unavyorudi.

Na tuna radhi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu radhi ndiyo hazina ambayo Kiingereza hakina chombo cha kuibebea. Kunradhi, kwa asili, ni "uwe radhi". Niwie radhi: uwe radhi nami. Anayeomba radhi haombi kosa lifutwe tu. Anaomba uso wa mtu urudi kama ulivyokuwa. Ndiyo maana tunazungumza juu ya radhi za wazazi, na mtu mzima mwenye watoto na wajukuu anaweza kusafiri kutwa nzima kwenda kijijini kwa mama yake aliye kitandani, kusudi lake moja tu: kuzipata radhi hizo kabla hajachelewa. Nimewahi kujaribu kuieleza safari hiyo kwa hakimu wa Kiingereza aliyetaka kujua kwa nini mtu fulani hakuhudhuria shauri. Nilitumia sentensi nne, na zote zilikuwa nyepesi mno.

Kisha lipo lililo gumu kuliko yote, nalo ni la Kibantu tupu: nimekosa. Nimekukosea. Hapo hakuna pa kujificha. Mtenda yumo, mtendwa yumo, na tendo limo.

Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford alitoa mihadhara huko Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962 baada ya kifo chake, na humo alionyesha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kulitenda jambo lenyewe. Sisi hatuhitaji kwenda Harvard kulielewa hilo. Mume akitamka talaka, ameacha. Mtu akiweka nadhiri, imewekwa. Austin alipofika kwenye maneno ya kuomba msamaha alifanya jambo la uangalifu sana: 'I apologise' aliliweka upande wa matendo, lakini 'I am sorry' aliliacha likining'inia katikati, nusu tendo na nusu maelezo ya hali ya moyo. Alikuwa anaichunguza lugha yake mwenyewe, naye aliuona ufa uleule niliouangukia mimi hospitalini.

Ufa huo ungekuwa jambo la wakalimani tu kama wenye mamlaka wasingeuona. Waliuona.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea. Ndege ya Marekani ilitua kisiwani bila ruhusa, na watu 24 waliokuwamo wakashikiliwa siku 11. China ilitaka iombwe radhi. Marekani haikutaka kukiri kosa. Kilichowatoa wale watu 24 ni barua ya balozi wa Marekani, Joseph Prueher, iliyolitumia neno 'sorry' mara mbili: kwanza kwa familia ya rubani na watu wa China, kisha kwa ndege kuingia na kutua bila kibali cha mdomo. Washington ikawaambia watu wake kwamba haikuomba radhi. Beijing ikawaambia wa kwake kwamba imeombwa. Barua ilikuwa moja. Wapo wanaoisifu hadi leo kuwa ustadi wa kidiplomasia, na kwa kuwa iliepusha maafa sitawabishia. Ila mimi huifikiria familia ya Wang Wei. Je, walipewa pole, au waliombwa radhi? Barua iliandikwa makusudi ili swali hilo lisijibike.

Australia nao walibishana juu ya neno hili kwa zaidi ya muongo mzima. Mwaka 1997 ripoti ya tume ilieleza jinsi watoto wa wenyeji wa asili walivyochukuliwa kutoka kwa mama zao kwa sera ya serikali, kizazi baada ya kizazi. Wananchi wakaanza kuadhimisha siku ya 'sorry' kila tarehe 26 Mei. Mwezi Mei mwaka 2000, karibu watu 250,000 walivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney, na juu yao ndege ikaliandika neno hilo kwa moshi angani. Waziri Mkuu wa wakati huo, John Howard, alikuwa amepitisha bungeni mwaka 1999 hoja ya majuto ya dhati, lakini 'sorry' alikataa kuitamka. Alishikilia kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubeba hatia ya waliotangulia. Kevin Rudd alilitamka tarehe 13 Februari 2008, na waliokuwa wamechukuliwa utotoni, sasa wazee, walilia wakiwa wamekaa mle bungeni.

Kinachonigusa mimi katika habari hiyo ni hiki. Katika Kiingereza cha wenyeji wale wa asili, shughuli zote za msiba, kukusanyika, kulia, kukaa na wafiwa, huitwa 'sorry business'. Kwao neno hili lilikuwa la matanga. Howard alilisikia likiwa na hati ya mashtaka ndani yake. Wale aliowanyima walilisikia likiwa na mkeka pia. Walitaka aliyewaumiza aje msibani.

Karibu zaidi na sisi: tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni kwao akakiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa vita vya Mau Mau, akasema serikali inajutia kwa dhati kwamba hayo yalitendeka, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya watu 5,228. Katika kauli hiyohiyo akasema serikali yake inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Chukua kalamu uifasiri. Ukiandika "tunaomba radhi" umemwekea mdomoni neno ambalo mawakili wake walilikwepa kwa uangalifu mkubwa. Ukiandika "poleni" wazee wale watauliza, na wana haki ya kuuliza: pole ya mpita njia, au pole ya aliyeshika kiboko?

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Alizungumza juu ya huzuni kubwa na majuto makubwa, akasema ukatili ule hauna udhuru. Msamaha hakuomba. Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mahali ambapo mashujaa wa vita vya Maji Maji walinyongwa mwaka 1906, Songea Mbano akiwa mmoja wao. Wanahistoria wanataja vifo vya vita vile hadi watu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na mashamba kuchomwa. Steinmeier aliwaambia wazao wa Songea kwamba ana haya, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao.

Siku mbili mfululizo, nchi mbili jirani, na wageni wawili wakuu. Mmoja alileta pole nzito sana. Mwingine aliomba. Sisemi kwamba kuomba kunalipa deni. Familia ya Songea Mbano bado inatafuta fuvu la mzee wao linaloaminika kupelekwa Ujerumani, na neno halijalirudisha. Nasema tu kwamba kwa Kiswahili tofauti ya siku ile na ya pili yake ingesikika kwa mtoto wa shule ya msingi, ilhali kwa Kiingereza watangazaji walihitaji dakika nzima kuieleza.

Hata watunga sheria wa Kiingereza wamejikuta wakitafuta mpaka ambao lugha yao haikuwachorea. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2000 sheria inayosema kwamba maneno ya huruma baada ya ajali hayawezi kutumiwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba mtu anawajibika, lakini maneno ya kukiri kosa, hata yakiwa katika sentensi hiyohiyo, yanaweza. Wabunge walikaa na mawakili wao na vifungu vyao ili kutenganisha pole na nimekosa. Uingereza ilichagua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Na kanuni za mwaka 2014 zinazozilazimu hospitali za umma kumweleza mgonjwa ukweli zinapomdhuru, zinadai pia aombwe radhi, kisha zinaieleza radhi hiyo kuwa ni kuonyesha huzuni au majuto. Someni tena maneno hayo. Kwa maana hiyo ya kisheria, daktari wangu kijana, kwa ile 'so sorry' yake, alikuwa ametimiza wajibu wa kuomba radhi. Ndiyo maana sikuweza kumlaumu.

Kabla sijamrudia, nina neno juu yetu wenyewe, na nalisema kwa uchungu.

Tumeanza kuupoteza mpaka wetu. Tazameni matangazo yanayobandikwa maji yanapokatika au foleni inapokuwa ndefu: tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Uliojitokeza! Kwamba usumbufu uliamka asubuhi, ukavaa, ukaja wenyewe. Radhi imeombwa, lakini kitenzi kimekwisha kumtorosha mkosaji kwa mlango wa nyuma. Na hilo neno "wowote" linasema sisi hatujui hata kama kweli mlisumbuka. Hii ni sentensi ya Kiingereza iliyovikwa kanga. Mwenye duka la mtaani hasemi hivyo. Anasema: "Nisamehe mama, jana nilifunga mapema, nimekuhangaisha." Humo mna jana, mna nilifunga, mna wewe uliyehangaika.

Na vijana wetu wa mjini sasa wana "sori". Amechelewa, sori. Amefiwa rafiki yake, sori. Amevunja simu ya dada yake, sori. Sikatazi maneno ya kigeni. Samahani na radhi zenyewe zilikuja na majahazi. Lakini yale yalikuja kuongeza chumba ndani ya nyumba. Hili linakuja kubomoa ukuta uliogawa vyumba viwili. Msichana anayesema "sori" kwa mfiwa na "sori" kwa aliyemkosea, siku moja atakapohitaji kujua lipi kati ya hayo mawili ameambiwa yeye, atashika nini?

Sasa nirudi kwenye chumba chetu.

Mama aliuliza nani kakosea. Kanuni za kazi yetu zinamruhusu mkalimani kusimamisha mazungumzo pale maana inapopotea, na nilifanya hivyo. Niliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba kuna kosa langu la kurekebisha. Nikamweleza daktari kwamba katika lugha ya mama huyu kuna neno analoambiwa aliyeumia, na kuna neno jingine analosema aliyeumiza. Nilikuwa nimetumia la kwanza, naye alishukuru kwa hilo la kwanza. Je, yeye alikuwa amesema lipi?

Daktari alinyamaza. Alifungua faili, akalifunga. Kisha akaomba atoke kidogo.

Tulibaki watatu, mimi, mama, na boksi lile la tishu. Mama hakulia. Alinisimulia habari za mtoto wake, jinsi alivyoamka asubuhi ile akidai uji kwa kikombe chake cha bluu na si kingine. Ilipita kama nusu saa. Daktari akarudi na mkubwa wake, mwanamke wa makamo, ambaye hakukaa kiti cha mbali bali alikivuta karibu. Aliongea taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili nimfasirie. Dawa ile haikupaswa kutolewa. Faili lilikuwapo na halikusomwa. Waliopaswa kulisoma ni sisi. Kisha akalisema lile neno, 'sorry', lilelile la mwanzo, silabi zilezile mbili.

Safari hii sikuhitaji kuwaza. "Tumekukosea," nikasema. "Tunakuomba utuwie radhi."

Mama aliutazama mkoba wake, akaifunga zipu, akaifungua, akaifunga tena. Hakusema ahsante.

"Mwambie," alisema, "nimesikia."

Nikamwambia.